Mkimbiaji wa Mwisho Bado Yuko Uwanjani

Katika nchi ya Nyasindefu mambo yalikwenda kwa utaratibu mzuri sana: Mfalme Simba akisema, Baraza linapiga makofi, ndipo linauliza amesema nini. Basi Michezo Mikuu ilipokaribia, Bonde la Majani Makavu likafyekwa liwe uwanja, na wenyeji wake, jongoo, wakahamishiwa maweni. "Ni kwa muda tu," Mfalme aliwaahidi. "Michezo ikiisha tutajenga mji hapa, na nyumba za kwanza ni zenu."

Wageni wakaja, wakala, tena wakala hasa, wakaondoka. Baraza likaketi jukwaani, na Waziri Fisi akafunua mchoro wa mji mpya: maghorofa ya twiga, mabwawa ya viboko, bustani ya tausi.

"Na sisi je?" ikauliza sauti kutoka chini. Alikuwa Bi Jongoo, namba mgongoni, anatambaa kwenye njia ya mbio.

"Nyinyi mmeshazoea mawe," Fisi akajibu kwa upole. "Ya nini kuwasumbua tena?"

Makofi! Bi Jongoo akalia. Alikuwa na mayai ya kutaga, na mawe yale yalikuwa makavu, hayana hata jani la kuyafunika. Ila hakuacha kutembea.

Tembo alipoinua sururu aanze kuchimba, Jaji Bundi akakohoa. "Sheria ya babu yako, Mtukufu. Uwanja hauguswi mpaka mkimbiaji wa mwisho amalize. Huyo hajamaliza."

"Nani kamwandikisha huyo?" Mfalme akanguruma.

"Wewe, Mtukufu. Uliamuru kila kiumbe aandikishwe, wageni waone umati."

"Akikanyagwa kwa bahati mbaya?" Fisi akanong'ona.

"Michezo inarudiwa yote, na wageni wanaalikwa upya."

Mfalme akakumbuka walivyokula, akanywea. Akashuka mwenyewe uwanjani, akashangilia: "Twende, Mama! Miguu yote hiyo, jamani!"

Bi Jongoo akaenda mpaka mahali fulani, akasimama. "Hapa ndipo palikuwa kwangu. Mchoro unasema patakuwa nini?"

Fisi akachungulia. "Choo cha tausi."

"Haya," akasema Bi Jongoo, akajikunja palepale.

Mfalme akambembeleza mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe akamgeukia Jaji. "Angalau ni huyu mmoja tu?"

Bundi akafunua daftari la washiriki, kisha akatazama lango la uwanja. "Jongoo wote waliandikishwa, Mtukufu. Ndio kwanza wanaingia."