Namba Tano ya MaTshuma

Miaka thelathini na moja nimepiga magoti mbele ya watu wa Bulawayo, na sikuwa naomba msamaha wala sadaka. Nilikuwa nawavisha viatu. Ghorofa ya pili ya duka la Ferris, upande wa wanawake, ndiyo ilikuwa yangu, hata pale duka lenyewe lilipobaki jina tu. Lifti ilikufa kwanza. Kikafuata chumba cha chai, halafu mapazia, halafu suti za wanaume. Ghorofa ya chini wenye jengo wakaikata kwa mbao nyembamba wakapata vibanda sitini, kila kibanda na kijana wake, spika yake na raba zake za China. Ukisimama juu ya ngazi unasikia nyimbo kumi kwa mpigo. Mimi niliachiwa rafu mbili, kioo cha kutazamia miguu, na barua ya kunitaka nikabidhi funguo mwisho wa mwezi.

Nilikuwa na hasira, sifichi. Nilikuwa nafuta vumbi kwa nguvu kuliko vumbi lilivyostahili.

Alhamisi ya wiki ile ya mwisho akapanda kijana mmoja mrefu, anahema, ana mfuko mweusi wa plastiki mkononi. Akaniamkia vizuri, akatazama rafu zangu, akatazama ngazi alikotoka.

"Mama, samahani. Naomba boksi."

"Boksi la nini?"

"Boksi tupu la Ferris, la viatu vya kike. Nitalilipia."

"Na viatu viko wapi?"

Akainua mfuko. "Ninavyo. Nimenunua hapo chini."

"Kwa hiyo viatu vya chini, jina la juu."

Alikuwa na adabu ya kuona aibu, ndiyo maana sikumfukuza. Nikamwambia akae, aanze mwanzo. Jina lake Nkosilathi, anafanya kazi mgodini Botswana, likizo yake inakwisha Jumatatu. Jumamosi wazee wake wanakwenda kuwavisha wazazi wa mchumba wake, kama tufanyavyo sisi: koti la baba, koti la mama, blanketi, viatu. Orodha iliandikwa na upande wa bibi arusi, na yeye alikuwa nayo mfukoni, imekunjwa mara nne. Nikasoma: viatu vya mama, vyeusi, vya ngozi, vya kamba, namba tano, kutoka Ferris.

"Nilidhani Ferris imeshafungwa, mama. Kijana wa kibandani ndiye aliyeniambia juu bado kuna bibi mmoja."

"Bibi mmoja ndiye mimi. Mama mkwe wako ni nani?"

"MaTshuma wa Luveve. Mama yake Sikhanyiso."

Nikavuta kigoda, nikakaa na mimi.

MaTshuma alikuja kwangu mara ya kwanza akiwa na mwaka mmoja wa ndoa. Akaomba namba tano. Nikaleta tano, ikagoma kisiginoni. Nikaona machozi yanamlengalenga, akaniambia kule kwa mumewe wanamcheka kwamba ana miguu ya kulimia. Nikaingia stoo, nikachukua namba saba, nikaikwangua namba kwa wembe, ndani na kwenye soli, nikaitia kwenye boksi la tano. Akavaa, akasimama mbele ya kioo, akatabasamu. "Si nilikuambia tano?" Tangu siku ile MaTshuma ni tano. Na hakuwa peke yake. Nusu ya akina mama wa kanisa letu wanavaa tano yangu, na hakuna aliyewahi kutoka pale anachechemea.

"Mwanangu," nikamwambia Nkosilathi, "hivyo vya kwenye mfuko havitamwingia."

"Lakini wameandika tano."

"Najua walichoandika. Mguu wa yule mama ni saba."

"Wewe umejuaje?"

"Nimeushika kabla hujazaliwa."

Akakuna kichwa. "Basi nimuulize Sikhanyiso."

"Sikhanyiso anajua tano. Luveve nzima inajua tano. Au unataka kumuuliza mama mwenyewe?"

Akanitazama kana kwamba nimemtukana. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai chumba kimoja, hata kivuli chake anakikwepa. Sembuse amuulize habari za miguu.

Nikamweleza asichokijua, maana vijana wa siku hizi wanaenda kuoa kama wanaenda kununua muda wa maongezi. Siku hiyo mama anavaa vyote mbele ya watu, anatembea mpaka getini na kurudi. Kitu kisipomkaa, wazee wa kijana wanatozwa faini, wanarudi nyumbani, na tarehe ya arusi haitajwi mpaka waje tena.

"Waje tena lini?" akasema. "Mimi Jumatatu naondoka, likizo nyingine ni Krismasi ya mwakani. Na mjomba wake Sikhanyiso hanipendi, anatafuta neno tu. Naomba nipeleke saba, mama."

"Saba iliyoandikwa saba? Huyo mjomba ataisoma kwa sauti. Utakuwa umetangaza mbele ya ukoo mzima kwamba mama mkwe wako ana miguu mikubwa. Hapo hutasubiri Krismasi, baba. Utasubiri kiama."

Akainamisha kichwa mikononi. Nikamwonea huruma, na nikajionea huruma na mimi, maana uongo ulikuwa wangu na sasa ulikuwa unaenda kumuumiza mtu asiyehusika.

Tukapekua rafu. Saba nyeusi ya kamba ilikuwa imebaki jozi moja. Cha kushoto kilikuwa kwenye boksi, cheusi tii. Cha kulia kilikuwa dirishani tangu sijui mwaka gani, jua limekipiga mpaka kikawa na rangi ya chai ya mtu mchoyo wa majani.

"Teremka," nikamwambia, "ulete kiwi nyeusi, makopo matatu."

Mchana ule wote tulifanya kazi. Mimi nakwangua namba kwa wembe, yeye amepiga magoti mahali nilipopiga magoti mimi miaka yote, anapaka, anasubiri, anasugua, anapaka tena. Mikono ikawa myeusi mpaka kwenye viwiko. Nikamfundisha kidogo, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kumfundisha.

"Mtu akijaribu kiatu usimtazame usoni. Usoni anadanganya. Tazama vidole."

"Vidole vinasemaje?"

"Vikikunjamana, mtu anaumia na anaona haya kusema. Sikhanyiso anavaa namba ngapi?"

Akainamia kiatu.

"Hujui," nikasema. "Haya, paka."

Jioni viatu vilikuwa sawa, huwezi kujua kipi kilikaa dirishani. Nikavitia kwenye boksi la namba tano, nikalifunga utepe wa Ferris, wa mwisho kwenye rola. Vile vya kibandani nikamwambia ampelekee mwenye tano ya kweli, kama yupo mjini hapa.

Jumamosi nilikuwa Luveve, maana MaTshuma alinialika kama mwenzake wa kanisani. Nguo zilitandazwa juu ya mkeka. Nkosilathi alikuwa nyuma ya nyumba na vijana wenzake, haruhusiwi kuona. Mjomba akachukua kiatu, akakigeuza, akachungulia soli, akachungulia ndani, hakuona cha kusoma. Akalisoma boksi. "Tano. Ferris," akasema, kwa sauti ya mtu aliyenyimwa nyama.

Shangazi wa kijana akapiga magoti, akamvisha. Nilikuwa nimesimama karibu na bomba la maji. Kamba zikafungwa. MaTshuma akasimama, akatembea mpaka getini, na pale getini akasimama. Alisimama muda mrefu. Nikaanza kupanga nitakavyokiri mbele ya mchungaji. Kisha akageuka, akarudi anacheza, koti jipya linapepea, na vigelegele vikalipuka ua mzima. Tarehe ikatajwa pale pale, Jumamosi ya mwisho ya Agosti, na kama mgodi hautampa ruhusa, mjomba mwenyewe ataandika barua.

Baadaye MaTshuma akaniita jikoni, nimsaidie kusonga isitshwala, ugali wetu. Alipofunga mlango akakaa, akavua kiatu cha kushoto, akaingiza kidole ndani, pale pale nilipokwangua namba.

"Wembe wako umezeeka, MaNyathi. Siku hizi unaacha alama."

Mwiko uliniponyoka. "Ulikuwa unajua?"

"Tangu mwaka wa pili. Dada yangu alinitumia tano kutoka Johannesburg. Haikupita hata vidole."

"Na ukanyamaza miaka yote hiyo?"

"Niseme nini? Kwetu walinicheka, kwa mume walinicheka. Mji mzima ni wewe tu uliyehangaika nisione aibu. Ndiyo maana nilikuwa nakuja hata nikiwa sina haja ya viatu."

Nililia kidogo. Moshi ulikuwepo, nikausingizia.

"Sasa kwa nini orodha uliandikisha tano?" nikamuuliza.

"Tano mtu yeyote atanunua. Kibandani ipo, kwenye simu ipo. Mimi nilitaka kumwona mtu atakayepanda zile ngazi akauliza, huyu mama ni nani, mguu wake ukoje. Huyo ndiye nitampa mwanangu kwa moyo mweupe." Akaniinamia. "Niambie kweli. Aliuliza?"

Nikatazama dirishani. Nkosilathi alikuwa anabeba viti, anaviweka kivulini kwa ajili ya wazee, na mikono yake bado ilikuwa na kiwi kwenye kucha. Nikaukumbuka mfuko mweusi. Nikalikumbuka boksi tupu.

"Alipanda ngazi mwenyewe," nikasema. "Neno la kwanza kumtoka kinywani lilikuwa mguu wako."

MaTshuma hakunitazama usoni. Aliangalia chini, kwenye vidole vyangu ndani ya kandambili, akaviangalia kwa makini.

"Na habari hiyo, MaNyathi, ni tano yako?"

"Tano kabisa," nikasema.

Akacheka mpaka akashika meza. Kisha akarudisha mguu ndani ya kiatu, akafunga kamba, akasema tano imemkaa vizuri, tukatoka kugawa chakula.