Nguo za Rozi

Siku mtoto wa jirani yao Judith alipopaa, Fausta alikuwa barazani kwake anakata kola za mashati ya shule. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, katika mtaa ulio nyuma ya barabara ya malori pale Tunduma. Alikuwa ameshakata kola tisa. Aliinua macho kutafuta chaki, akamwona mtoto yuko hewani, usawa wa paa la choo, amevaa mabawa ya kipepeo ya satini ya njano. Alikuwa anapepea taratibu, na mama yake alikuwa chini anamwita ashuke anywe uji.

"Nani kakushonea?" Fausta aliuliza.

"Mama Jairo," mtoto alijibu kutoka juu.

Mama Jairo ndiye Rozi, mke wa shemeji yake Fausta. Walikaa ua mmoja, nyumba mbili zinazotazamana. Moja ilikuwa ya Yesaya, mume wa Fausta, karani kwa wakala mmoja wa forodha. Nyingine ilikuwa ya Edson, mdogo wake Yesaya, aliyeendesha bodaboda kati ya stendi na mpakani. Katika ua ule aliyejulikana kuwa fundi ni Fausta. Yeye ndiye aliyekuwa na cherehani, ya miguu, nyeusi, yenye maua ya dhahabu ubavuni. Alishona sare za shule mbili. Rozi alikuwa na sindano, mkasi na kopo la vifungo.

Mtoto kupaa hakukumuumiza Fausta. Watoto wana mambo mengi. Kilichomuumiza ni kwamba Judith alitoka kwake, akapita mbele ya baraza lenye cherehani, akaenda kwa mtu mwenye sindano.

Judith alimfunga mwanawe uzi wa lastiki mguuni ili asivuke mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, bila kibali. Siku iliyofuata, baada ya ibada, akina mama watatu walikuja kwa Rozi kuulizia.

Hivyo ndivyo biashara ya Rozi ilivyoanza, juu ya mkeka, mlangoni kwake, Jairo akiwa amelala mgongoni. Alishona nguo za watoto za maigizo na za sherehe za kuzaliwa. Alitumia vipande vya satini kutoka Nakonde, sponji za magodoro yaliyochakaa na manyoya ya kuku aliyoyaosha na kuyaanika. Mtoto aliyevaa nguo ya simba alilala mchana kutwa juu ya boneti ya lori lililokuwa kwenye foleni, na dereva hakumwamsha mpaka foleni iliposogea. Mtoto aliyevaa nguo ya samaki aliingia kwenye pipa la maji asubuhi, akatoka jioni akiomba ugali. Mama yake alilalamika jambo moja tu, kwamba mkia ulikuwa unabana kiunoni. Rozi akaulegeza.

"Natotela sana, bamayo," mama mmoja Mzambia alimshukuru Rozi, akimshika mikono yote miwili. Fausta aliona yote hayo kutoka ng'ambo ya ua. Hakuna Mzambia aliyewahi kumshika mikono kwa ajili ya sare.

Wivu ulimkaa chini ya koo, pale panapokwama kiazi cha moto. Akiwa anakula ulikuwepo, akiwa anaimba kwaya ulikuwepo. Alianza kuhesabu watu wanaoingia getini na kuangalia wanakata kushoto au kulia. Kulia kulikuwa kwa Rozi. Mwezi mzima watu walikata kulia.

Basi na yeye akashona. Alinunua satini ileile, dukani palepale, akashona kipepeo kwa cherehani. Mshono ulinyooka kama barabara mpya, na pindo halikuwa na kasoro. Akamvika mtoto wa jirani. Mtoto hakupaa. Alisimama pale barazani, shingo ikageuka polepole kuelekea mlango wa Rozi, ikabaki hivyo. Alipovuliwa nguo, shingo ikarudi. Fausta akashona twiga, akashona askari, akashona malaika. Wote walifanya vilevile. Malaika hata alitoa machozi.

"Labda ni kitambaa," Yesaya alisema.

"Kitambaa ni kilekile," alisema Fausta.

"Labda ni yeye Rozi. Mama alisema ana mkono wa kushona."

Mama aliyetajwa ni Anna, mama mzazi wa Yesaya na Edson, aliyefariki miaka sita iliyopita. Cherehani ilikuwa yake. Aliinunua kwa mpunga wa shamba lake la Msangano, akashonea hapo barazani hadi miguu ilipomshinda. Rozi ndiye aliyekaa chini yake akimtungia uzi sindanoni, na ndiye aliyemwogesha alipougua. Siku moja mchana, Rozi akiwa amekwenda kuteka maji, Fausta alikuwa anamnywesha mgonjwa uji. Mgonjwa akasukuma kikombe, akasema maneno machache kuhusu cherehani, na Fausta akamwambia sawa. Baada ya maziko, ukoo ulipoketi na kuuliza marehemu aliagiza nini, Fausta alisema, "Cherehani aliniachia mimi." Hakuna aliyeuliza mara mbili. Rozi aliinamisha kichwa, akaenda kuosha sufuria za matanga.

Mwezi wa kumi na moja, Mwalimu Frida wa chekechea alikuja uani. Mahafali yalikuwa yamekaribia, na kila mtoto angevaa nguo ya kitu fulani na kusimama mbele ya wazazi. Aliagiza nguo kumi na nane. Alikata kulia.

Diana, binti wa Fausta, alikuwa miongoni mwa hao kumi na wanane. Yeye alipangiwa kasuku.

"Wewe utashonewa na mama yako," Fausta alimwambia. "Una mama fundi, halafu ukaombe kwa watu?"

Alimshonea kasuku wa kijani, kifua chekundu, mdomo wa boksi uliopakwa rangi. Diana alipovaa, shingo ikageukia mlango wa Rozi, machozi yakaanza kudondoka juu ya mdomo wa boksi na kuutepetesha. Ilikuwa hivyo siku tatu. Siku ya nne Yesaya alimvua mtoto ile nguo, akavuka ua, akarudi na nyingine. Ilikuwa imeshonwa kwa mkono, mishono midogo kama mchele, manyoya mojamoja. Diana akaivaa, akanyoosha shingo, akasema ana njaa.

Fausta alisogea akaikagua ile nguo ndani na nje akitafuta uzi uliolegea. Hakuupata. Lakini kwenye bitana, karibu na kwapa, aliona doa dogo la damu, la mtu aliyejichoma sindano. Akafurahi kidogo. Furaha ile ilikwisha kabla hajafika jikoni.

Mahafali yalifanyika katika ukumbi wa kanisa. Wazazi walikaa kwenye viti vya plastiki, mgeni rasmi mezani penye kitambaa cheupe. Mtoto mmoja mmoja alipanda jukwaani. Aliyevaa nguo ya mahindi alifuatwa na kuku wawili kutoka nje, wakafukuzwa. Aliyevaa nguo ya wingu alilowesha kipaza sauti, wakaleta kingine. Kisha Mwalimu Frida akasema, "Sasa tumsikilize kasuku."

Diana alifungua mdomo. Sauti iliyotoka ilikuwa ya bibi yake, na lafudhi yake ya Kinamwanga, na kile kikohozi cha siku zake za mwisho.

"Fausta, mwanangu. Cherehani mpe Rozi. Ndiye aliyejifunza miguuni pangu. Wewe mumeo ana kazi, huwezi kulala njaa. Umenisikia?"

Kasuku akatua kidogo. Kisha akajibu kwa sauti ya Fausta, sauti ya miaka sita nyuma, yenye haraka ya mtu aliyeshika kikombe cha moto:

"Sawa, mama. Nimesikia."

Watu walipiga makofi. Mgeni rasmi alisema mtoto ana kumbukumbu nzuri na wazazi wamwendeleze. Mwanamke aliyekaa nyuma ya Fausta alimweleza mwenzake kwamba hiyo ndiyo sauti ya marehemu Mama Yesaya kabisa, Mungu amrehemu, hata kile kikohozi. Mwalimu Frida akamwita jukwaani aliyevaa nguo ya parachichi.

Fausta aliangalia mbele. Upande wa pili wa ukumbi, Rozi alikuwa anambadilisha Jairo nepi. Mikono yake ilisimama kidogo, halafu ikaendelea.

Jumapili iliyofuata, baba mdogo Sadoki alipanda gari la Msangano akaja, maana habari ilikuwa imemfikia. Walikaa sebuleni kwa Yesaya, watu wazima watano. Diana aliitwa, akavishwa nguo, akarudia maneno yote.

"Ni sauti ya shemeji," alisema Sadoki. "Sina ubishi. Lakini mtoto aliyapata wapi?"

Yesaya alihesabu kwa vidole. "Mama alifariki mwezi wa tano. Huyu alizaliwa wa sita. Alikuwepo. Alikuwa tumboni."

"Basi ni shahidi," alisema Sadoki, na wote wakakubali kwamba ni shahidi. Akamgeukia Fausta. "Mama Diana, ulisema uliachiwa wewe."

"Nilisema," alijibu Fausta.

"Na uliagizwa umpe Rozi."

"Niliagizwa."

Edson aliangalia kofia yake ya pikipiki aliyoipakata. Rozi alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, amepishanisha mikono juu ya mapaja.

"Ukweli umejulikana," Sadoki alisema hatimaye, "na tumshukuru Mungu. Sasa tuangalie hali. Januari shule zinafunguliwa. Sare za watoto wa watu ziko kwa nani?"

"Kwa Mama Diana," alisema Yesaya.

"Tukiihamisha cherehani leo, watoto watavaa nini? Halafu jambo la pili. Huyu Rozi nguo zake zinafanya kazi. Zinapaa, zinaogelea, sasa zinasema. Anazishona kwa nini? Kwa mkono. Mwanangu, tukikupa cherehani, si tutakuwa tunakuharibia?"

"Vidole vinaniuma, baba," alisema Rozi. Alivinyoosha. Ncha zake zilikuwa na matundu meusi, na kidole cha shahada kilikuwa kimevimba hadi hakikunjiki. "Usiku sishiki hata kikombe."

Wote waliviangalia. Yesaya alisema ni kweli vimevimba. Sadoki akasema basi wasimame waviombee. Wakasimama. Aliomba kwa muda mrefu, akataja mikono ya Rozi kwa jina, kidole kwa kidole, akaomba ibarikiwe na ijulikane Songwe nzima hadi Zambia. Fausta alikuwa amefumba macho. Cherehani ilikuwa imebaki kwake, na mbele ya mashahidi. Hata hivyo alisikiliza ile sala hadi mwisho akisubiri jina lake, na halikutajwa. Akatamani, hapo alipokuwa amesimama, kuwa na kidole kimoja kilichovimba.

Jumatano Rozi alivuka ua. Alikuwa ameshika nguo ya pundamilia iliyobakiza kupindwa chini tu.

"Dada, naomba kupiga pindo moja tu. Dakika tano."

"Ina kazi, Mama Jairo," alisema Fausta bila kuinua mguu kwenye kanyagio. "Njoo wiki ijayo."

"Sawa, dada."

Diana aliizoea nguo ya kasuku. Akitoka kuoga anaivaa, anakaa kwenye ngazi ya baraza, anasema maneno ya bibi yake na jibu la mama yake, halafu anaanza upya. Mwanzoni majirani walikuwa wanasimama kusikiliza. Baada ya wiki mbili waliacha, kama walivyoacha zamani kusikia honi za malori.

Mwanzoni mwa Januari alikuja mama mmoja mgeni, amemshika mtoto mkono, anatafuta sare. Alikata kushoto. Fausta alisimama haraka, akamvutia kiti, akamvisha mtoto tepu kifuani. Alikuwa anaandika kipimo cha mabega pale Diana alipofika kwenye "mpe Rozi."

"Rozi ni nani?" aliuliza yule mama.

Fausta alimwonyesha kwa mdomo. "Yule pale."

Mama aliangalia ng'ambo ya ua. Rozi alikuwa mkekani, sindano ameishika kwa kidole gumba na cha kati, kile cha shahada amekiacha kimesimama pembeni. Mtoto wa mgeni naye aliangalia.

"Kumbe ndiye yule wa nguo zinazopaa!" alisema mama. "Nisubiri kidogo, fundi, nikamsalimie." Akamshika mwanawe, wakavuka ua.

Fausta aliwaangalia wakikaa mkekani. Kisha akaweka kitambaa chini ya sindano, akaanza kukanyaga, na kitambaa kilipokwisha aliendelea kukanyaga.