Kibati Chini ya Vitufe

Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye sakafu ya boti, kichwa kikiwa ndani ya shimo la injini na miguu nje, kama mtu aliyemezwa nusu. Tochi ndogo nilikuwa nimeibana kwa meno. Mkononi nilishika mita ya kupimia umeme, na mita ilikuwa ikisema sufuri. Katika kazi yangu yote sijawahi kuichukia namba kama nilivyoichukia sufuri ile.

“Umemwona mwizi?” Kapteni aliuliza kutoka juu.

Niliitoa tochi mdomoni. “Hayupo.”

“Basi kahamia boti ya jirani.”

Alicheka peke yake. Mimi kicheko hakikunijia, kwa sababu nilijua kilichokuwa hatarini. Betri ilikuwa mpya, nimeichagua mwenyewe, lakini kila baada ya siku mbili tatu ilikuwa inaamka imekufa. Abiria wakishakaa, mikoba magotini, Kapteni anageuza ufunguo, injini inakohoa mara moja na kunyamaza. Watu wanateremshwa, wanahamia boti ya nyuma, na wengine wanaondoka wakisonya. Msimamizi wa gati, mtu asiyependa kupaza sauti, alikuwa amemwita Kapteni pembeni na kumwambia kwamba abiria wakiteremshwa tena, zamu yake atapewa mwingine. Kapteni alituletea habari ile nyumbani huku akiifanyia mzaha. Mama ndiye aliyenivuta jikoni akaninong’oneza kwamba mumewe hajala tangu jana.

Kapteni si baba yangu mzazi. Alimwoa Mama nikiwa darasa la sita, akahamia kwetu na sanduku moja la nguo, na boti yake akaifunga gatini. Mimi nilimwita Kapteni kama walivyomwita watu wote, nikisema moyoni kwamba neno lile jingine litakuja lenyewe siku yake ikifika. Halikuja, naye hakulidai. Ndiye aliyenisindikiza chuo cha ufundi, godoro langu begani, akikataa katakata nimsaidie hata kushika pembe moja. Nilipopata cheti akaanza kuniita Fundi. Ungetusikia tukizungumza ungedhani tulikutana kazini.

Mwaka ule nilikuwa nimepata kona yangu ya kufanyia kazi gereji, nyaya za magari na pikipiki, na nilitaka kumpa kitu kilichotoka mikononi mwangu. Nikamtengenezea bodi mpya ya swichi za boti. Zile za zamani zilikuwa za kupandisha na kushusha, zimelegea, zimeota kutu. Nikaweka vitufe sita vya kubonyeza, kila kimoja na taa yake ndogo: ukibonyeza inawaka, ukibonyeza tena inazimika. Taa, pampu, redio ya mawasiliano, kipima kina, feni, na amplifaya ya muziki wa abiria. Chini yake nikapigilia kibati kidogo nilichochongesha kwa mtengeneza mihuri. Kiliandikwa: Kwa Baba, kutoka kwa binti yako.

Miaka yote ile ulimi wangu ulikuwa umeshindwa neno hilo, nikaona bora bati linisemee.

Siku niliyomkabidhi, Kapteni alipitisha dole gumba juu ya vitufe, akapitisha na juu ya kibati, taratibu. Kisha akasema, “Kazi safi, Fundi. Safi kabisa.” Basi. Nilikusanya vifaa vyangu nikaondoka nikiwa nimevunjika moyo, na nikaweka kinyongo kwa miezi. Nilijiambia kwamba alikuwa amesoma akaona haya kwa niaba yangu, au kwamba hakuhitaji binti, fundi alikuwa anamtosha. Sikumwambia hata Mama. Nilipomhudumia chakula nilikuwa namhudumia kwa adabu zote, ile adabu ya mgeni.

Ndiyo hali niliyokuwa nayo nilipoitwa kumtafuta mwizi wa umeme. Nilichomoa waya hasi wa betri nikaiweka mita katikati, umeme wote wa boti ulazimike kupita kwangu. Sufuri: hakuna hata tone lililokuwa linavuja. Nilichomoa fyuzi moja moja nikazirudisha. Nikafuata nyaya kwa vidole hadi zinapojificha nyuma ya mbao, nikitafuta palipoingia unyevu. Nikaishuku hadi dinamo, maskini, iliyokuwa inafanya kazi yake bila kosa. Siku hizo zote nilikuwa naifunga boti mwenyewe jioni, nikizima kila kitufe, na kesho yake ilikuwa inawaka kwa mguso mmoja. Siku nisipofika gatini, betri inakufa.

“Betri hii inakupenda,” Kapteni alinitania. “Ikikuona inajikaza.”

Nilikuwa gereji, nanawa grisi, mzaha ule uliponirudia. Nikasimama na sabuni mikononi. Kumbe tofauti ya siku njema na siku mbaya haikuwa kwenye betri, ilikuwa kwa aliyefunga boti. Nikaenda kumuuliza mlinzi wa gati kama kuna mtu anayepanda pale Kapteni akiondoka. Akaapa kwamba hapandi hata paka. Basi alibaki mtu mmoja tu, na mtu huyo angejikata kidole kabla ya kuitendea boti yake ubaya.

Kesho yake nilifika mchana, nikasafiri naye hadi abiria wa safari ya mwisho walipoteremka. Injini ilipozimwa nikafunga mita yangu kwenye betri.

“Leo funga wewe, Kapteni,” nikamwambia. “Kama siku zote. Mimi sigusi kitu.”

Alisimama mbele ya bodi, uso ukitazama majini, na dole gumba lake likaanza safari. Kitufe cha kwanza, cha pili, hadi cha sita, kila kimoja mara moja, kwa mwendo wa mtu anayefunga vifungo vya shati. Namba kwenye mita ilipaswa kuanguka hadi chini. Ilianguka ikasimama njiani.

Niliinua kichwa. Taa tano zilikuwa zimezimika. Moja, ya kijani, ya amplifaya, ilikuwa inawaka sentimita chache kutoka kifuani pake.

Nikakumbuka. Mchana, mwanamke mmoja alikuwa amepanda na kichanga kilicholala, na Kapteni akazima muziki kwa kitufe kile, kwa ajili yake. Sasa alikuwa amebonyeza vitufe vyote, kila kimoja mara moja, akiamini vyote vilikuwa vimewaka. Vilivyowaka vikazimika, kilichozimika kikawaka. Amplifaya isiyo na muziki haitoi hata mnong’ono, inakaa tu pale ikila betri hadi alfajiri. Asubuhi angevibonyeza tena vyote na ushahidi wote ungepotea. Swichi za zamani kidole kilizijua, iliyo juu na iliyo chini. Vitufe vyangu vilikuwa vinaongea kwa taa peke yake.

“Tayari,” akasema akichukua kofia yake. “Twende, mama yako anasubiri.”

Uso wake ulipita juu ya ile taa ya kijani kama unavyopita juu ya meza. Macho yangu yakashuka kutoka kwenye taa hadi kwenye kibati. Hakuwa amekisoma. Miezi yote ile hakuwahi kukisoma. Nilimhurumia, na papo hapo nilifurahi, furaha kubwa ya kitoto, nikaona aibu kufurahi wakati kama ule.

“Kapteni, kaa kidogo.”

Alikaa. Nadhani sauti yangu ilikuwa imeshamweleza.

“Tangu lini?” nikauliza.

Alizungusha kofia mikononi. Alianza kunipiga chenga, akasema jua kali, akasema uchovu, kisha akaacha. Mbali anaona, alisema. Gati analiona, ng’ambo anaiona, boti nyingine anaziona. Ni vya karibu, hasa jua likiwaka, ndivyo vimekuwa kama vimemwagiwa maziwa. Mama hajui, alisema. Sikumbishia, ingawa nilikumbuka kwamba kwa muda sasa Mama alikuwa anaweka kikombe chake mahali palepale mezani, pasipobadilika, na kumfokea yeyote anayekisogeza.

“Lazima useme,” nikamwambia. “Unabeba watoto wa watu.”

“Najua ninachobeba.” Akaiweka kofia gotini. “Nilikuja kwenu na boti, Fundi. Sikuja na kingine. Wakinitoa kwenye usukani, pale nyumbani nitakaa kama nani?”

Jibu lilikuwa limepigiliwa misumari mbele yake. Nilikuwa nalo kwenye ncha ya ulimi, na ningeweza kumsomea. Lakini nilitaka alisome mwenyewe, kwa macho yake, hata kama ningesubiri mwaka.

“Utakaa kama mgonjwa wa macho,” nikasema. “Kesho tunaenda kwa daktari.”

Alinipa ufunguo wa boti bila ubishi, na hilo liliniuma kuliko kama angebisha. Kwa msimamizi alikwenda mwenyewe, hakutaka nimsindikize. Alirudi akisema yule bwana alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia zamu atashikiwa na mwingine mpaka apone. Kwamba betri mbovu ni uzembe lakini macho ni kazi ya daktari. Daktari naye alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na anatolewa. Mama aliposikia akasema kumbe katika ndoa ile si yeye peke yake aliyekuja na mtoto. Kapteni alicheka hadi akashika ukuta. Usiku huo alikula.

Walimfanyia upasuaji jicho moja, wakasubiri, wakafanya la pili. Siku za kusubiri nilimwambia nitamrudishia swichi zake za zamani. Alikataa. Akasema bodi aliyotengenezewa haing’oki.

Siku aliporuhusiwa kurudi kazini nilikwenda naye gatini mapema, kabla ya abiria. Alipanda botini na kuanza kulalamika. Kumbe rangi imebabuka kiasi hiki? Na hii kutu, hakuna aliyeiona? Nani kaacha kamba imechakaa hivi? Alifurahi sana kukuta kila kitu kibovu. Mimi niliinama kwenye betri nikikaza nati iliyokuwa imeshakazwa.

Malalamiko yakakoma.

Sikuinua kichwa. Nilimsikia akisoma kwa sauti ya chini, neno baada ya neno, kama anayejifunza kusoma. Kisha akasoma tena, mara hii bila kusita.

“Hiki kipo hapa tangu lini?”

“Tangu siku ya kwanza.”

“Na mimi nikasema kazi safi.”

“Ulisema safi kabisa.”

Alitoa kitambaa mfukoni akakifuta kile kibati, ingawa hakikuwa na vumbi. Alikifuta kwa muda mrefu. Abiria wa kwanza wakaanza kupanda, mmoja akamsalimia na kumuuliza habari za macho, naye akaitikia kwa mkono bila kugeuka.

Jioni alifunga boti mwenyewe. Alivipitia vitufe kimoja kimoja, akikitazama kila kimoja usoni mpaka taa yake izimike. Mimi nilikuwa chini kwenye shimo la injini na mita yangu, kwa mazoea tu.

“Pima, mwanangu,” akasema.

Nikapima. Namba ilishuka, ikashuka, ikafika chini kabisa ikatulia.

“Sufuri, Baba,” nikamwambia.