Pale Alipoanzia Anania

Tunduma honi ni lugha. Kuna honi ya salamu, kuna honi ya kumtukana bodaboda, na kuna honi ambayo bendi ya Kimondo imeishi kwa ajili yake miaka yote hii. Wakiwa na wimbo mpya, Jumamosi alasiri hupanda juu ya tela bovu kwenye yadi ya malori pale Mpemba, kando ya foleni ya kwenda Zambia, wakaupiga. Madereva wakiupenda hurudi kwenye malori yao na kukandamiza honi mpaka mbwa wa mtaa mzima wanakimbia. Wasipoupenda, wanaendelea kusonga ugali wao chini ya matela, kimya. Huo ndio mtihani, na hauna rufaa.

Na tusidanganyane, muziki wa Kimondo si wa kila sikio. Ni roki nzito, magitaa yanakoroma na dramu zinapigwa kwa hasira. Walijiita Kimondo kwa ajili ya lile jiwe la chuma lililoanguka Mbozi. Watu wa kanisani wakasema ndiyo, hata lile lilianguka bila kualikwa.

Mwenye bendi ni Gwalugano, mtu wa Ileje, mpiga gitaa la solo, mvi kichwa kizima na bado anavaa fulana nyeusi kama kijana wa sekondari. Nyimbo zote anatunga yeye. Albamu ya kwanza, enzi za kaseti, aliimba rafiki yake Anania. Jamani, Anania! Sauti yake ilianzia pale za wengine zinapoishia, halafu ndiyo ikapanda. Siku ya mtihani honi zilisikika mpaka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Kisha, si unajua, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Anania akavuka mpaka kwenda Kitwe kutafuta makubwa, akaacha neno moja tu: "Nishikie nafasi yangu, Gwalu. Narudi."

Gwalugano akaishika. Albamu ya pili aliimba Clement, na haikupata honi hata ya baiskeli. Ya tatu aliimba Yonasi wa ng'ambo, nyimbo mbili zikawa moto, zilizobaki maji ya kuoshea vyombo, na Yonasi mwenyewe akatoroka kabla haijaisha. Ukimuuliza Gwalugano ilikuwaje, jibu lake lilikuwa moja: "Hawakuwa Anania."

Sasa alikuwepo Elina. Mama wa watoto wawili, muuza mchele wa Kamsamba pale sokoni, mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya. Sauti yake ilikuwa ya chini, nzito, yenye mchanga ndani. Edson wa besi alipomsikia mara ya kwanza alisahau kupiga. Lakini Edson huyohuyo alikuwa amesema wazi, na Amoni wa dramu akaunga mkono: "Kaka, huyu akiondoka, sisi basi. Mimi nauza besi, Amoni anarudi Igamba kwenye kahawa zake." Gwalugano alijua hawatanii. Elina akiondoka, Kimondo imekufa, na yeye bila Kimondo ni mzee mwenye gitaa tu.

Asubuhi ya Jumamosi ya mtihani waligombana. Wimbo mpya uliitwa "Breki", na Gwalugano aliutunga kama alivyotunga zote, ukianzia juu kabisa, pale alipoanzia Anania. Elina aliujaribu, akakohoa, akaujaribu tena. Halafu akaketi juu ya spika.

"Baba Tumaini," akamwambia Gwalugano, "nikuulize kitu."

"Uliza."

"Bibi yangu alipofariki ukoo ulinikalisha mkekani, nikapewa jina lake. Tangu siku ile wajomba zangu, watu wazima na ndevu zao, wananiita mama. Nimelivaa, sijalalamika. Kwetu ndivyo ilivyo, jina halizikwi. Kwa hiyo kuvaa jina la mtu nakujua." Alimtazama usoni. "Lakini linalorithiwa ni la aliyekufa. Anania amekufa?"

"Hajafa. Yupo Kitwe."

"Basi hapa mnanivalisha nini?"

Edson aliangua kicheko, akakimeza alipoona hakuna mwenzake. Gwalugano alikasirika, tena sana.

"Shusha nyuzi," Elina akasema. "Nianzie kwangu. Ukinianzishia pale juu leo, mbele za watu, naweka maiki chini naondoka. Na usinifuate sokoni."

Akazishusha. Alilegeza uzi mmoja baada ya mwingine, amenuna kama mtoto aliyenyimwa andazi, na Edson akamfuata kwenye besi. Walipoupiga wimbo huko chini, gitaa likatoa mngurumo ambao Gwalugano hakuwahi kuusikia kwenye mikono yake mwenyewe. Elina akaingia, na Amoni akasema "Ee Mungu wangu" bila kuacha kupiga. Gwalugano alisikia raha, halafu papo hapo akasikia kama anamwibia mtu. Alisema tu, "Haya, itakuwa hivyo."

Alasiri yadi ilijaa. Foleni ilikuwa haijasogea tangu juzi, mtandao wa forodha ukisumbua, na madereva walikuwa wamechoka, wachafu, na wenye hamu ya kugombana na yeyote. Hadhira mbaya kuliko hiyo hakuna. Gwalugano alikuwa anachomeka waya alipomwona mtu mwembamba, kofia mkononi, amesimama karibu kabisa na tela.

Kofia ile aliijua, na namna ya kusimama, bega moja chini, aliijua zaidi.

"Gwalu," yule mtu akasema. "Nilisema narudi."

Moyo wa Gwalugano ulipiga mpaka akaogopa utasikika kwenye spika. Furaha ilikuwepo, sitakudanganya, lakini juu yake ilikaa aibu. Anania amerudi, na anaikuta nafasi yake na mwanamke wa sokoni, na muziki wao umeshushwa kama bendera ya msiba. Atasemaje? Mkono wa Gwalugano ulikwenda wenyewe kwenye vishikio vya nyuzi. Akakaza wa kwanza, akakaza wa pili.

Elina aligeuka. Aliangalia ule mkono, kisha yule mtu chini, akaelewa yote.

"Baba Tumaini," akasema taratibu. "Usifanye hivyo."

"Ni wimbo huu tu. Mara moja tu, mwenyewe yupo."

"Nimekuambia usifanye."

Nyuma kule dereva mmoja wa zamani, Mzambia wa miraba minne, alikuwa ameshamtambua. "Anania! Ni Anania huyu, mukwai!" akaita kwa neno lao la heshima. Jina likaruka lori hadi lori. "Anania! Anania!" Gwalugano akakaza uzi wa mwisho na kuanza "Breki", juu, kwa nguvu zote. Edson alihangaika kumfuata, besi yake ikiwa bado chini, wakasikika kama magari mawili yanayogongana.

Elina hakuimba. Aliinama, akaiweka maiki sakafuni kwa uangalifu ili isipige kelele, akashuka ngazi, akapita katikati ya watu. Hakuna aliyemzuia, kwa kuwa macho yote yalikuwa kwa Anania, aliyekuwa akisukumwa jukwaani na mikono ishirini.

"Piga ya zamani!" wakapiga kelele. "Piga 'Lango la Chuma'!"

Basi ikapigwa. Utangulizi ule Gwalugano aliupiga macho ameyafumba, miaka ikimtoka mwilini. Hii ndiyo, alijiambia, hii ndiyo bendi. Anania akavuta pumzi na kuingia.

Mstari wa kwanza ulitoka. Wa pili ukatikisika. Kwenye kiitikio, pale panapopanda, sauti ilifika nusu ya njia, ikapasuka, ikawa mkoromo. Akajaribu tena. Mishipa ya shingo ilimtoka, jasho likamwingia machoni, na kilichosikika ni mtu mzima anayekabwa. Gwalugano alifumbua macho. Sauti ile aliijua, lakini haikuwa ya Anania. Ilikuwa ya Clement, studio kule Mbeya, akirudia mstari mmoja kuanzia asubuhi mpaka jua linazama huku yeye Gwalugano akisema "Juu zaidi, bado hujafika." Siku hizi Clement anachomelea mageti Vwawa na anaongea kwa kunong'ona. Watu hudhani ni moshi.

Wimbo ulikufa kabla ya kuisha. Kisha yule Mzambia wa miraba minne akaenda kwenye lori lake, akapiga honi, na wengine wakafuata, honi za heshima, honi za pole baba. Gwalugano alizisikia zote, na kwa mara ya kwanza maishani mwake honi zilimtia uchungu.

Anania alimgeukia, maiki ameiteremsha. Machozi yalikuwa yanamlenga, lakini midomo ilikuwa na kile kicheko chake cha zamani.

"Gwalu, hivi hata mimi niliyaweza kweli haya?"

"Uliyaweza."

"Basi nilikuwa mwehu, na wewe mwehu zaidi. Yule dada aliyeshuka ni nani?"

"Ndiye mwimbaji wetu."

"Sasa mimi nafanya nini hapa?" Anania akaiinua maiki, akawaambia watu kwa kile kilichobaki cha sauti yake: "Jamani, asanteni. Ila msimwite mtu mwingine jina langu. Mimi bado nalitumia."

Wakacheka. Gwalugano hakucheka, alikuwa ameshavua gitaa. Aliruka kutoka kwenye tela, na kwa umri wake goti lilimwambia alichofanya, akachechemea kati ya masufuria na majiko mpaka getini. Elina alikuwa ameshapanda bodaboda, mkoba mapajani.

"Elina!"

"Twende," Elina akamwambia dereva wa bodaboda.

"Elina, subiri. Nimekosa." Gwalugano alishika usukani wa pikipiki kwa mikono miwili, akihema. "Nimekukosea wewe. Na Clement nilimuulia koo lake, nikasema hajui kuimba. Yonasi naye nilimkimbiza. Hawakushindwa wao. Nilikuwa nashikilia kiti cha mtu, kila anayekuja namkalisha na kumwambia mbona hukijazi."

Dereva wa bodaboda alizima injini, maana umbea nao ni chakula.

"Asubuhi nilikuambia kwa lugha nzuri," Elina akasema. "Ukakubali. Halafu umeniaibisha mbele ya watu wanaonunua mchele kwangu."

"Najua."

"Kwa hiyo usiniombe radhi hapa getini. Nenda kazishushe kulekule ulikozikazia, wakikuona. Nikisikia ziko chini, nitaangalia."

Akarudi peke yake. Huo mwendo, ndugu yangu, usimwombee adui yako. Madereva walikuwa wameanza kurudi kwenye ugali wao. Alipanda tela, akavaa gitaa, akasogea mbele kabisa, na mbele ya macho yote yale akaanza kulegeza nyuzi. Mmoja, akaugonga, akasikiliza. Mwingine. Mtu akapiga mluzi wa dhihaka. Mwingine akauliza kama mzee anatengeneza redio. Mara mbili aliteleza ikabidi aanze upya. Anania alikuwa amekaa ukingoni mwa tela, miguu inaning'inia. Gwalugano alimaliza wa mwisho na kuupiga mara moja. Mngurumo mzito ukatoka, ukapita kwenye mabati ya tela, ukaingia miguuni mwa watu. Kijiko kimoja kiligonga sufuria mahali fulani.

Gwalugano hakuangalia getini. Aliogopa. Aliangalia viatu vyake mpaka alipoviona viatu vya Elina vikisimama kando yake, raba za bluu zenye vumbi la soko. Elina akaokota maiki.

Gwalugano alifungua mdomo, akagundua kuna neno ambalo miaka yote hii hakuwahi kumwambia mwimbaji yeyote.

"Tuanzie wapi?"

Elina aliimba noti moja, chini, bila haraka. "Hapa."

Wakaanzia hapo. "Breki" ni wimbo wa dereva anayeshuka mlima breki zimekata, na huko juu ulikuwa wimbo wa mtu anayepiga kelele. Huku chini ulikuwa wa mtu ambaye ameshaacha kupiga kelele na ameshika usukani. Elina hakuupandisha hata mara moja. Gitaa lilikoroma chini yake, besi ikashika, Amoni akapiga kama anadaiwa roho, na Gwalugano alijikuta analia huku anapiga, wala hakujali.

Wimbo ukaisha. Hakuna honi.

Alisubiri. Hakuna. Watu walikuwa wamesimama tu, wengine na tonge mkononi. Edson alimwangalia, Amoni akaweka fimbo zake magotini. Basi tena, alijisemea, imekwisha.

Hapo ndipo mlinzi wa yadi alipoingia mbio, akipunga mikono juu. "Foleni imefunguka! Mtandao umerudi, lango liko wazi! Pandeni magari! Nyie hapo mbele, sogezeni!"

Na hakuna aliyesogea.

Mlinzi akarudia, akidhani hawajamsikia. Lango lile waliliomba kwa Mungu usiku na mchana, na sasa liko wazi, barabara nyeupe mpaka Nakonde, na madereva wa mbele wamesimama kwenye vumbi wanamwangalia mwanamke wa mchele. Kisha kutoka mbali, nyuma kabisa ya foleni, honi zikaanza. Moja, kumi, foleni nzima, honi ndefu za hasira, honi za matusi ya wazi.

"Wanatupigia sisi?" Amoni akauliza.

"Wanawatukana hawa," Edson akasema, akionyesha umati kwa kidevu. "Kwamba wamezuia njia."

Yule Mzambia wa miraba minne hakugeuka hata kuangalia lori lake. Alikuja mpaka kwenye tela, kofia kifuani.

"Mama," akamwambia Elina, "rudia, mukwai."

Elina alimwangalia Gwalugano. Gwalugano akajifuta uso kwa mkono wa fulana, akasogeza sikio lake karibu na mdomo wa Elina ili amsikie vizuri katikati ya zile honi, akamwuliza tena waanzie wapi.