Mvivu Ndani ya Bomba

Gudrun Heppner alipanda ngazi za ofisi ya mkurugenzi huku amefura kwa hasira. Ottmar afukuzwe? Ottmar, msimamizi wa zamu, aliyezeekea katika kiwanda hiki cha amonia kando ya mto Rhine? Labda yeye mhandisi asiitwe Gudrun.

"Mvivu yule!" Mkurugenzi Stirnberg alimaka hata kabla ya salamu. "Presha iko pale pale, mshale wa kipimo haujatikisika, na amonia inazidi kupungua. Kama si uvivu ni nini?"

"Nani aliamuru valvu ya kupumulia ifungwe?"

"Mimi. Mlikuwa mnamwaga haidrojeni yangu angani."

"Basi mvivu umemfungia ndani wewe mwenyewe!"

Jamani, mtu mzima na shahada zake! Haidrojeni tatu na nitrojeni moja huzaa amonia mbili: zinaingia nne, zinatoka mbili. Ukizibana, zinakimbilia upande wenye idadi ndogo, yaani amonia. Ukizilegeza, amonia inavunjika tena. Lakini nitrojeni yao waliitoa hewani, na hewani kuna agoni, gesi isiyoungana na yeyote. Wenzake wakigeuka amonia na kutolewa, yeye anabaki anazunguka bombani, anajaa, na njia yake ya kutokea ni valvu ile tu.

"Kipimo chako kinahesabu presha ya wote, Bwana Mkurugenzi, hata ya huyo asiyefanya kazi!" Gudrun alipiga meza. "Zinazofanya kazi zimebaki na kipande tu cha presha hiyo. Ni sawa na kuzipanulia chumba. Hazibanwi tena!"

Hakungoja ruhusa. Alishuka akaifungua valvu kwa mikono yake, ikafoka mpaka mafundi wakaziba masikio. Kufikia alasiri amonia ilikuwa inapanda. Stirnberg alikuja akasimama mbele ya kipimo, uso umemwiva.

"Haya," akasema. "Mwambieni Ottmar nimemsamehe."

Ottmar alikuwa hapo hapo, anatoa vitu vyake kabatini.

"Umenisamehe kosa gani?" akauliza.

Mzee akafunga mkate wake wa soseji kwenye karatasi, akavaa kofia, akatoka.

"Mfuate!" Gudrun alifoka. "Mfuate kabla hajafika getini, ukamwombe radhi wewe!"

Mkurugenzi aliangalia viatu vyake. Hakusogea. Mafundi wote wakageuka kumtazama, na hakuna aliyerudi kazini.