Nukta za Nyota Sumaku

Mama mkwe, Bi Mwamvua, alinikuta mlangoni nimeshavaa buibui. "Leo twende sote," alisema. "Nikiona hiyo nyota yako ni upuuzi, kuanzia kesho jioni utalea mwanao mwenyewe."

Tukatoka Ngamiani kwenda darasani Chumbageni, yeye na Hafsa wangu mgongoni, mie na karatasi ya mchoro wa nyota sumaku niliyopewa kuieleza. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza katoka kwenye homa. Analia, ananyamaza, analia tena. Bila mama mkwe wa kumshika, masomo yangu ya jioni yamekwisha.

Ilikuwa zamu ya mtaa ule kukatiwa umeme; darasani karabai ilivuma. Mwalimu Shabbar akanisimamisha. Nikaeleza: nyota kubwa ililipuka, likabaki donge lenye upana kama wa kutoka hapa hadi Tongoni, lenye nguvu za sumaku zisizo na mfano. Hutoa miale ya eksirei, mara hutulia, mara huchachamaa, na chombo kilichoko angani huipima mwaka hadi mwaka. Kila kipimo ni nukta kwenye mchoro.

"Na hapa katikati, pasipo na nukta?"

"Umeme ulikatika, Mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. Abbas, mtoto wa mwenye duka la vifaa vya umeme, akagonga meza. "Hata huko juu kuna mgawo! Waambie baba anauza jenereta!"

Mama mkwe hakucheka. Alisimama, akakaza mbeleko. Hafsa akalia. Nikamfuata, nikamgusa paji la uso, kama nilivyofanya wiki nzima. Hapo nikaelewa.

"Chombo ni kimoja, nyota ni nyingi," nikasema, mkono bado uko kwa mtoto. "Kilikuwa kinaangalia nyingine. Kama mie nikienda jikoni, homa hainingojei."

"Na ikitulia, kwa nini waipime?" akauliza Mwalimu.

"Usipomgusa mtoto akiwa mzima, utajuaje kama leo anachemka?"

Mwalimu akaitikia kwa kichwa taratibu. "Kesho utaendelea na mchoro huo."

Tulipokaribia nyumbani, mama mkwe akaniuliza, "Weye, hiyo nyota itapona?"

"Haiumwi, mama. Ndivyo ilivyo. Inatulia, halafu inachachamaa."

"Kama huyu." Akamsogeza Hafsa vizuri mgongoni. "Kesho usimchelewee mwalimu. Ila kabla hujatoka mnyonyeshe ashibe, mie maziwa sina."