Kutoa Upepo

Jumatatu mama mkwe wangu alitangaza kwamba Jumamosi nimpeleke kwa shemeji yangu, mwanawe mdogo, akaishi huko. Alisema akiwa amesimama mlangoni pa jikoni, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza chumvi. Nikamuuliza sababu. Akasema hakuna sababu. Nikamuuliza kama nimemkosea.

"Ukiona umenikosea, basi umenikosea."

Mimi nimesoma stashahada ya ugavi na natunza ghala la watu. Kitu kikipungua naangalia daftari, najua kimepungua lini na nani alikichukua. Jibu la "ukiona" sina daftari lake. Alikuwa amekaa nasi miezi mitano tangu baba mkwe afariki, na katika miezi hiyo sikumbuki hata siku moja tuliyogombana. Nilirudi nyuma siku moja moja, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Sikuona kitu.

Nikampigia mume wangu, ambaye kazi yake ya madaraja humweka mbali wiki sita sita.

"Mama yako anahama."

"Umemfanya nini?"

"Ndicho ninachotafuta."

Kisha akasema, "Na utampeleka na nini? Gari halina breki."

Kweli. Pikapu yetu ina umri mkubwa kuliko binti yetu aliyeko chuo, na wiki hiyo pedali ya breki ilikuwa inazama mpaka sakafuni. Ilibidi uikanyage mara tatu ndipo gari likubali kusimama, tena kwa kununa. Mume wangu akanieleza nami nikaandika: fungua gurudumu la nyuma kushoto, ndiko mafuta ya breki yanakovuja, badilisha raba za ndani, kisha toa upepo magurudumu yote manne, ukianza na lililo mbali zaidi na pedali. Na lazima awepo mtu wa kukukanyagia pedali.

Jumamosi asubuhi mkoba wa mama mkwe ulikuwa tayari sebuleni, zipu imefungwa. Nikavaa ovaroli ya mume wangu, nikaweka mawe kwenye magurudumu, nikapiga jeki. Dramu, lile bakuli la chuma linalofunika breki, ilikuwa imeng'ang'ania, nikaigonga kwa nyundo hadi ikaachia. Raba za zamani zilikuwa zimevimba kama zabibu zilizolowekwa. Nikaweka mpya, nikasafisha, nikarudisha kila kitu mahali pake, nikateremsha gari. Yote hayo nilifanya huku najiuliza kwa nini ninafanya haraka hivi. Nilitaka aondoke? Kama sitaki, mbona nakaza nati kwa bidii namna hii?

Mtu wa kunikanyagia hakuwepo ila yeye. Nikamkuta uani ameketi.

"Mama, nakwenda dukani mara moja kuchukua mafuta ya breki. Uwe tayari, tunataka kutoa upepo."

"Haya," akasema.

Niliporudi nilidhani nimekosea nyumba. Pikapu ilikuwa imekaa chini. Magurudumu yote manne yalikuwa bapa, bodi limeinama kama ng'ombe anayejiandaa kulala. Mama mkwe alikuwa amesimama kando na kijiti cha kiberiti mkononi, vifuniko vya vali vimejaa mfuko wa sweta lake.

"Mama, umefanya nini?"

"Umesema kutoa upepo. Nimekupunguzia kazi."

"Upepo wa breki, mama! Ulioingia kwenye mafuta!"

"Hukusema wa wapi."

Nikazunguka gari. Ubavuni mwa bodi ninafunga gurudumu la akiba. Nikalibonyeza. Nalo bapa.

"Hata la akiba?"

"Umesema upepo. Nao si ule ule?"

Nikamtazama usoni. Nimeshawahi kumkamata mpakua mizigo anadanganya kwa kumtazama tu anavyomeza mate, lakini uso wa mama mkwe ulikuwa mtupu kama sahani iliyooshwa. Mtu anayetaka kuondoka hatoi upepo wa gari la kumwondoa. Lakini pia mtu asiyejua breki angefanya hivyo hivyo. Yote mawili yalikuwa na akili, na hayawezi kuwa kweli kwa pamoja. Au yanaweza?

Nikaenda kwa jirani yetu, fundi baiskeli, kuazima pampu ya mguu. Akaja nayo mwenyewe ili aone.

"Mama, gari limepiga magoti. Linaomba msamaha?" akaniuliza.

"Leta pampu," nikasema.

"Nani kalifanyia hivi?"

"Mimi," akasema mama mkwe.

Fundi baiskeli akanitazama, akamtazama, akaona kuna hewa ambayo pampu yake haiiwezi. Akaiacha akaondoka. Nikapampu magurudumu manne hadi goti likaniuma. La akiba nikaliacha. Mama mkwe alikaa akihesabu kwa sauti kila nilipokanyaga, na alipofika mia mbili akaanza tena moja.

Kisha nikampandisha kwenye kiti cha dereva. Sijawahi kumwona pale. Alishika usukani kwa mikono miwili, mgongo umenyooka.

"Sikiliza, mama. Nikisema kanyaga, unakanyaga. Nikisema shikilia, mguu unabaki chini kabisa, hauinuki hata kidogo. Nikisema achia, unainua. Ukiinua kabla sijasema, hewa inarudi ndani tunaanza upya."

"Mimi nimezaa watoto sita. Najua kusukuma na najua kungoja."

Nikaingia chini ya gari, nyuma kushoto. Pale kuna kinati kidogo cha kutolea upepo. Nikakichomeka mpira mwembamba, ncha ya pili nikaitia kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Nikashika spana.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Achia. Kanyaga. Achia. Kanyaga. Shikilia!"

"Nimeshikilia."

Nikalegeza kinati. Mapovu yakatoka mengi, bwa bwa bwa, kama mtoto anayepuliza kwenye kikombe. Nikakaza.

"Nimefunga!"

Nikasikia mlango wa gari ukibamizwa, pu!

"Nami nimefunga," akasema.

"Si mlango, mama. Kinati."

"Sema kinati basi."

Tukarudia. Mara ya tatu mapovu yakapungua. Mara ya nne, nikiwa nimelegeza kinati na mafuta yananitiririka mpaka kwenye kiwiko, sauti yake ikashuka kutoka juu.

"Ulinichoka tangu lini?"

"Nini?"

"Nakuuliza, ulinichoka tangu lini?"

"Mama, usiinue mguu!"

"Siinui. Jibu."

Mguu wake ulikuwa juu ya pedali na kinati changu kiko wazi. Ningeweza kukikaza kwa robo mzunguko tu, tukazungumza vizuri. Sijui kwa nini sikukikaza. Nililala pale natazama kutu ya chasisi.

"Sijakuchoka. Nimechoka, ndiyo. Si wewe uliyenichosha."

"Basi kwa nini umeniandika marehemu?"

Nilifikiri sikusikia vizuri. "Nani marehemu?"

"Mimi. Mlangoni pa jikoni."

Mlangoni pa jikoni nimebandika orodha ya kazi za nyumba. Niliiandika wiki mbili nyuma, kwa kalamu nyekundu. Baba akirudi: bomba na umeme. Mama: gari na soko. Binti akiwa likizo: vyombo na kufua. Chini kabisa...

"Bibi: apumzike," akasema yeye, polepole, kama anayesomea mtu asiyejua kusoma. "Baba mkwe wako neno hilo liko juu ya kaburi lake. Nililipia mimi liandikwe."

"Mama, nilimaanisha kupumzika. Kukaa. Kwenye kiti."

"Kiti gani?"

"Kiti chochote!"

"Kila nikishika kisu unakichukua. Nikishika ufagio unauchukua. Nikaona labda ananifanyia heshima. Kisha nikaona ameandika."

Nilikuwa na maneno mengi ya kujitetea na yote yalikuwa ya kweli, ila hakuna hata moja lililofaa. Nikasema lile lililokuwa mbele.

"Kisu nakichukua kwa sababu mikono yako inatetemeka."

Nikajua nimeharibu.

"Mikono," akasema. "Na mguu je? Unatetemeka?"

Nikatazama mpira mwembamba. Mafuta yalikuwa yametulia. Hata tone moja halikurudi.

"Hapana. Mguu ni imara."

"Basi funga hicho kinati, mguu imara nao unapata ganzi."

Nikafunga. Tukahamia nyuma kulia, kisha mbele kushoto, kisha mbele kulia. Hatukuongea lingine. Kanyaga, shikilia, achia. Kufikia gurudumu la mwisho alikuwa hangoji nimalize neno. Mara nikasema "shi" tu akajibu "nimeshikilia", na mara moja akaniambia mimi, "Mbona umekawia kufunga?" Nikajaza mafuta kwenye kikopo cha breki, nikapanda, nikakanyaga mwenyewe. Pedali ikagota juu, ngumu kama jiwe.

"Limepona," nikasema.

"Limepona," akasema, akaenda ndani. Nikasubiri. Akatoka na mkoba wake, akapanda kiti cha abiria, akaupakata.

Sikuelewa. Tumesema yaliyosemwa, nimesikia kosa langu, na mkoba umetoka palepale. Nilitaka kumwambia nitaifuta ile orodha, lakini kufuta jina lake lote ndiko kungekuwa kubaya zaidi. Nilitaka kumwambia abaki, nikaona nitakuwa namwamuru tena. Nikawasha gari.

Kwenye njia panda nikakanyaga breki. Gari likasimama mara moja, likainamisha pua. Kushoto ni kwa shemeji yangu. Kulia unazunguka soko unarudi nyumbani.

"Mama, kushoto au kulia?"

"Wewe ndiye dereva."

"Na mimi ndiye ninayeuliza."

Akatazama mbele. Gari la nyuma yetu likapiga honi.

"Nimeloweka maharage," akasema.

"Lini?"

"Asubuhi. Kabla hujaamka."

"Asubuhi si ndipo ulipofunga mkoba?"

"Baada ya kufunga mkoba."

"Sasa maharage ya nani, mama, kama unaondoka?"

"Maharage yakikaa sana majini yanachacha," akasema kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyeyaloweka.

Honi ikalia tena, ndefu. Dereva wake akachomoa kichwa dirishani. "Nyie akina mama! Hapo ni kituo?"

Mama mkwe naye akachomoa cha kwake. "Tunajaribu breki! Subiri!"

Taa yetu ya kuonyesha kulia haiwaki tangu mwaka juzi. Nikatoa mkono dirishani, nikakata kulia. Hakusema nimekosea, wala hakusema nimepatia, na mkoba hakuuweka chini. Sikujua kama nimesamehewa, au nimepewa tu nafasi ya kula maharage kwanza. Tukateremka kuelekea sokoni, watu wanakatiza mbele yetu kama kawaida yao, na kila nilipogusa breki, mguu wake nao ulikanyaga sakafu, ukashikilia, ukaachia.